Mwezi Mmoja Juani: Hesabu ya Atomi ya Kaboni

Machi 1976, roketi ndogo ya utafiti iliruka kutoka White Sands, jangwani New Mexico, kwenda kuichungulia nyota yenye mkia iliyoitwa West. Paul Feldman na William Brune wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitafuta mwanga wa urujuanimno wa mbali, ambao hewa ya dunia huumeza kabla haujatufikia. Walikuta kaboni: atomi mojamoja, na nyingine zilizokwisha kupoteza elektroni zikawa ioni.

Je, atomi ya kaboni hudumu muda gani juani kabla ya kunyang'anywa elektroni?

Kuing'oa kunahitaji elektrovolti 11.26, yaani mwale wenye urefu wa wimbi wa nanomita 110 au pungufu. Hapo ndipo penye kichekesho. Mwale unaong'aa kuliko yote katika urujuanimno wa mbali wa jua, Lyman-alfa, una nanomita 121.6, sawa na elektrovolti 10.2 tu. Wingi wote huo, na bado haufiki bei! Kazi huachiwa mionzi haba ya mawimbi mafupi zaidi.

Kwa hiyo mkokotoaji huikata nuru ya jua vipande vipande. Katika kila kipande huhesabu fotoni, yaani chembe za nuru, zinazopita kwenye sentimita moja ya mraba kwa sekunde, akazidisha kwa ukubwa wa shabaha ambayo atomi huwa nayo mbele ya fotoni za aina hiyo, kisha akajumlisha. Walter Huebner, aliyekuwa maabara ya Los Alamos, alitoa majedwali ya hesabu hizi mwaka 1979, na mengine na wenzake mwaka 1992. Kwenye umbali wa dunia, jua likiwa tulivu, uwezekano ni kama 4 kwa milioni 10 kila sekunde. Kwa wastani, basi, atomi hudumu takriban siku 29. Jua likichachamaa, muda huo hupungua hata chini ya nusu.

Roketi ilikuwa na habari nyingine. Mstari wa nanomita 193.1 ulionyesha atomi zilizokwisha kubeba elektrovolti 1.26 za akiba. Hizo hudaiwa 10.0 tu, na Lyman-alfa hulipa deni bila shida. Ila akiba hiyo hukaa saa moja hivi kabla ya kupotea, kwa hiyo zinazowahiwa ni chache.

West ilikuwa imelipita jua Februari 25, kwa umbali wa moja ya tano ya ule wa dunia. Pale nuru ni kali mara 25, na siku 29 za kaboni hubaki siku moja na ushei.