Maji ya Wote, Jiko la Kila Nyumba

Mkulima wa Japani wa karne ya 18 aliyefunga safari ya kwenda kuoga maji moto alibeba chakula chake mwenyewe. Mavuno yakishaingia ghalani na mwili umechoka, alifungasha mchele, miso na achari za nyumbani, akaenda kupanga chumba karibu na chemchemi na kukaa wiki mbili tatu. Alimlipa mwenye nyumba malazi na kuni, chakula akajipikia. Safari hiyo iliitwa toji, na ilikuwa tiba: kuoga mara kadhaa kwa siku, kulala, kisha kuoga tena. Leo nyumba za wageni za asili, yaani ryokan, zilizo kwenye chemchemi hizo hizo zinasifika kwa meza zao, na wageni wengi huchagua pa kulala kwa kuuliza kwanza jioni kutaliwa nini. Wenyeji hupenda kusema kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu zama za kale. Historia inasema vingine, na mji mmoja mdogo unaonyesha vizuri jinsi jiko lilivyopata nguvu.

Mji huo ni Kinosaki, kaskazini mwa Mkoa wa Hyogo, karibu na Bahari ya Japani. Simulizi za huko zinamtaja mtawa wa Kibudha, Dochi, aliyesali siku 1,000 hadi maji moto yakabubujika mwaka 720. Katika enzi ya Edo, iliyoanza 1603 na kumalizika 1868, matabibu wa Kyoto walianza kuyasifu maji ya Kinosaki. Goto Konzan aliwaelekeza wagonjwa kwenye chemchemi, na mwanafunzi wake Kagawa Shuan aliisifu moja ya chemchemi za mji huu kuwa bora kuliko zote nchini. Mpaka leo bafu lililojengwa hapo linaitwa Ichino-yu, yaani maji namba moja. Katika sifa zote hizo za matabibu, chakula hakikuwa sababu ya safari.

Chakula kilikuwa kwenye barabara kuu. Tangu 1635 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi, iliwalazimisha mabwana wa majimbo kwenda kukaa Edo, Tokyo ya leo, kwa zamu. Misafara yao ilizijaza njia watu na mizigo, na kwenye barabara ya Tokaido peke yake kulikuwa na vituo 53. Mabwana walilala katika nyumba zao maalumu. Wafanyabiashara na mahujaji walilala katika nyumba zilizoitwa hatago, wakapewa chakula cha jioni na cha asubuhi: wali, supu, kipande cha samaki, mboga. Ukiwa mpita njia, ulitakiwa kulala kwenye vituo hivyo. Mwenye kwenda kujitibu kwa maji moto ndiye aliyekaa kwenye chemchemi, na alikaa siku nyingi.

Mpaka huo ulivunjwa Hakone. Wenye nyumba wa Yumoto, chemchemi ya huko iliyo karibu na Tokaido, walianza kupokea wasafiri wa usiku mmoja. Vituo jirani vilivyoona wateja wao wakihama vikapeleka malalamiko serikalini. Mwaka 1805 Yumoto ilishinda. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ina uzito zaidi katika historia ya chakula cha ryokan kuliko mapishi yoyote ya kifalme. Anayekaa wiki tatu anaweza kuchochea moto wake mwenyewe, lakini anayefika magharibi na kuondoka alfajiri lazima apikiwe. Huo ndio mwanzo wa utaratibu wa usiku mmoja na milo miwili ambao ryokan nyingi zinautumia hadi sasa, bei ikihesabiwa kwa kila mgeni. Katika milima ya Tohoku, kaskazini-mashariki, bado zipo nyumba chache zenye majiko ya wageni kujipikia, na anayeipenda historia hii asizikose.

Mpangilio wa vyakula wenyewe ulitoka kwingine. Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyeishi kati ya 1522 na 1591, aliupa nguvu mlo mdogo unaotangulia chai: vitu vichache vya msimu, kila kimoja kikiletwa kwa wakati wake. Baadaye migahawa ya miji ya enzi ya Edo ilikuza karamu za sake, pombe ya mchele, zenye sahani nyingi zaidi. Ryokan zikachota kote kuwili. Ndiyo maana mlo huanza na vionjo vidogo, hufuata supu ya bakuli lenye kifuniko, samaki mbichi, kitu cha kuchoma, kitu cha kuchemsha, na wali huja mwishoni pamoja na achari, wakati mgeni ameanza kushiba. Chini ya karibu kila kitu kuna mchuzi mwepesi wa mwani na jodari mkavu. Nyama haikuwa na nafasi kubwa. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku ulaji wa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na desturi ya kujizuia iliendelea kwa karne nyingi. Ni baada ya Mfalme Meiji kula nyama ya ng'ombe hadharani mwaka 1872 ndipo ng'ombe wa Tajima, eneo la Kinosaki, walipoanza kutoka kwenye jembe kwenda mezani. Leo damu yao ndiyo iliyo ndani ya nyama maarufu ya Kobe.

Reli ilifika Kinosaki mwaka 1909. Miaka minne baadaye akashuka kituoni mwandishi Shiga Naoya, aliyekuwa amegongwa na treni Tokyo na kunusurika. Alikuja kuuguza majeraha, na hadithi fupi aliyoitoa 1917 kuhusu siku zile ikaufanya mji ujulikane kwa kila msomaji wa Kijapani. Mji aliouona yeye haupo tena. Tarehe 23 Mei 1925, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, tetemeko lilitikisa eneo zima. Majiko yalikuwa yamewashwa, moto ukashika nyumba za mbao, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha katika eneo hilo. Kinosaki iliteketea. Waliosalia waliijenga upya kwa mbao zile zile, kwa ghorofa mbili tatu, wakatandaza kingo za mto Otani kwa mawe meusi ya pembe sita kutoka mapango ya jirani ya Genbudo, wakapanda mierebi.

Katika ujenzi huo ndipo ulipozuka ugomvi ambao kwangu mimi ndio kiini cha habari yote. Kwa karne nyingi Kinosaki iliogea kwenye mabafu ya umma, na nyumba za wageni zilikuwa za kulala tu. Mwaka 1927 nyumba moja ikataka bafu lake la ndani kwa maji ya moto ya ardhini. Wanakijiji wakapinga: maji ni ya wote, hayawezi kuwa mali ya mtu. Kesi ikaenda mahakamani, vita vikuu vikapita, na maafikiano yakapatikana 1950. Mabafu ya ndani yaliruhusiwa, lakini yawe madogo, na chemchemi zikabaki chini ya usimamizi wa pamoja. Wenyeji wanauelezea mji wao kama nyumba moja: kituo cha treni ni mlango, barabara ni ujia, nyumba za wageni ni vyumba, na mabafu ya umma ndiyo bafu la nyumba. Jioni utawaona wageni wamevaa yukata, yaani kanzu nyepesi za pamba, mitalawanda ikigonga kwenye madaraja ya mawe, wakitoka bafu hili kwenda lile.

Sasa fikiri kama mwenye nyumba katika mji huo. Maji huwezi kujivunia, jirani anayo hayo hayo. Bafu kubwa huruhusiwi kujenga. Kinachobaki mikononi mwako ni mapokezi na jiko, na Kinosaki ilijipatia jina kwa jiko hasa kutokana na kaa.

Huyu si kaa wa mikokoni tunayemjua sisi, mnene wa magando. Ni kaa wa miguu mirefu myembamba, anayeishi mamia ya mita chini ya bahari baridi na kuvuliwa kwa nyavu za kukokota. Msimu hufunguliwa tarehe 6 Novemba. Madume, waitwao matsuba, huvuliwa hadi Machi 20, na majike wadogo wenye mayai hufungwa mapema zaidi, mwisho wa Desemba. Bandari ya Tsuiyama iko mdomoni mwa mto Maruyama, jirani kabisa, na kila dume bora hufungwa kipande cha plastiki chenye jina la bandari ili mlaji ajue alikotoka. Zamani wavuvi na wakulima wa pwani hii walimla kama kitoweo cha kawaida cha majira ya baridi. Ni katika miongo ya baada ya vita, barabara na treni zilipowaleta watu wa Osaka na Kobe kwa usiku mmoja, ndipo kaa alipogeuka kuwa sababu ya safari.

Mlo wenyewe huliwa polepole, mara nyingi chumbani, juu ya mikeka ya tatami. Mhudumu huleta kwanza mguu mbichi uliomenywa na kuchovywa kwenye maji ya barafu hadi nyuzi za nyama zikachanua kama ua. Kisha mingine huwekwa juu ya makaa mezani, mpaka gamba liwe jekundu na maji yaanze kuchemka ndani yake. Mafuta ya kijani yaliyo ndani ya kifua hupashwa moto katika gamba lenyewe, na humo hutiwa sake kidogo. Baadaye chungu cha udongo, kabichi, uyoga, tofu na kaa aliyebaki. Vyote vikishaliwa, mhudumu hutia wali kwenye mchuzi ule, anavunja yai, anafunika. Wali huo ndio watu wengi wanaoukumbuka, na ninawaunga mkono.

Mapishi ya Kijapani yaliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2013, na heshima kwa misimu ilitajwa miongoni mwa sababu. Huko Kinosaki heshima hiyo inaonekana hata kwenye wali wa asubuhi. Habari ya wali huo inaanzia kwa ndege. Bafu la Kono-yu, mojawapo ya mabafu ya umma, lina simulizi yake: korongo mweupe aliyejeruhiwa alionekana akiponya mguu wake majini. Korongo hao walitoweka porini Japani mwaka 1971, dawa za mashamba zikiwa miongoni mwa sababu. Katika mji wa Toyooka, ambao Kinosaki iko ndani yake, walilelewa kwenye vizimba na kuanza kuachiwa mwaka 2005. Ili ndege wapate vyura na samaki, wakulima walipunguza au kuacha dawa na wakabadili namna ya kujaza maji kwenye majaruba. Mchele wa mashamba hayo huuzwa kwa jina la korongo, kwa bei iliyo juu kuliko ya mchele wa kawaida, na baadhi ya nyumba za Kinosaki huwapikia wageni wao mchele huo.