Malindi: Kutoka mkate wa mofa hadi pizza

Jumamosi iliyopita njaa ilinishika nikiwa Malindi. Nikaona kibao cha pizza. Hatua chache mbele, kibao kingine cha pizza. Nikacheka peke yangu: huu mji ni wa Waswahili au wa Waitaliano? Nilikwenda kutafuta habari ya bei za vyakula, nikarudi na swali jingine kabisa. Pizza ilifikaje hapa?

Wadau, kwa kiasi kikubwa ililetwa na roketi. Sifanyi mzaha. Miaka ya 1960 Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimika jukwaa la kurushia roketi baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ikaruka kutoka jukwaa hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaruka setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani, nayo ikaitwa Uhuru. Wahandisi walikuja, wengine wakaupenda mji, kisha wakaja watalii na wenye hoteli. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988, lakini matanuri ya pizza hayakuzimwa. Mpaka leo muuza vinyago wa ufukweni anaweza kukusalimia "Ciao" kabla ya "Jambo".

Lakini jamani, mkate bapa hatukufundishwa na Waitaliano. Pwani hii ina mkate wa mofa, wa unga wa mtama, unaookwa kwenye tanuri la udongo. Ina chapati, ambayo jina lake tu linakupeleka India. Ina mkate mayai, unaokunjwa na nyama ya kusaga ndani. Na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, hata Napoli hawakuwa na pizza ya nyanya, maana nyanya ilitoka Amerika na ilikuwa bado haijafika Ulaya.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Ule mtama ulilimwa na nani?

Miaka ya 1860 Sultan Majid wa Zanzibar aliufufua mji huu uliokuwa umebaki magofu. Mashamba makubwa yakafunguliwa, na majahazi yakawa yanapakia mtama na ufuta kwenda Arabuni. Malindi ikasifika kuwa ghala la nafaka la pwani. Waliolima walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa pande za Ziwa Nyasa. Wapo waliotoroka wakajenga vijiji vyao porini, wakaitwa watoro. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Nguzo ya Vasco da Gama ipo pale ufukweni na watalii wanapiga picha. Nimeipita mara nyingi. Ya waliolima mtama sijaiona.

Basi nikaingia kwenye mgahawa mmoja. Aliyekuwa akizungusha unga hewani alikuwa kijana wa Kigiriama, rika langu. Kiitaliano kinamtoka kama maji. Nikamuuliza, "Kaka, na wewe mchana unakula pizza?"

Akacheka. "Pizza ni ya wageni, ndugu yangu. Mimi nala chapati mbili na maharagwe, pale nje."

Simfananishi na mtumwa, hapana. Yeye ana mshahara, ana ufundi, na anaweza kuacha kazi kesho. Lakini jibu lake lilinikumbusha kwamba mji huu una mazoea ya zamani: mkono unaoandaa mkate ni mmoja, na kinywa kinachoula ni kingine. Na historia tunayosomeshwa huandika jina la mwenye kinywa.

Nililipia pizza yangu, nikaila nusu. Nusu ya pili tuliila pamoja pale nje, na chapati zake. Ukipita Malindi, msomaji wangu, kula upendacho, ila muulize jina aliyekupikia.