Maabara Ndani ya Mizigo: Ebola Guinea, 2015



Mwaka 1989 mwanasayansi Mmarekani David Deamer alichora wazo daftarini: uzi wa DNA ukipita kwenye tundu dogo mno lenye mkondo wa umeme, kila herufi ya kijenetiki itautikisa mkondo kwa namna yake. Pima mitikisiko hiyo, na uzi umeusoma. Mnamo 2014 kampuni ya Uingereza, Oxford Nanopore, ilianza kuwapa watafiti MinION: kifaa chenye uzito usiofika gramu 100, kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB.

Wakati huo Ebola, iliyoanza Guinea mwishoni mwa 2013, ilikuwa inaua maelfu Afrika Magharibi. Kipimo cha kawaida kilisema tu mgonjwa anayo au hana. Swali gumu zaidi lilikuwa: ameitoa wapi? Virusi vinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa. Linganisha jenomu mbili, kama tunavyolinganisha matoleo mawili ya programu, na utaona nani yuko karibu na nani.

Mwaka 2015 Joshua Quick wa Chuo Kikuu cha Birmingham alifika Guinea na maabara nzima isiyozidi kilo 50, iliyosafiri kama mizigo ya kawaida ya ndege. Zilisomwa sampuli 142 zilizokusanywa kuanzia Machi hadi Oktoba, majibu yakipatikana chini ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Yalionyesha kwamba virusi vilikuwa vikivuka mpaka wa Guinea na Sierra Leone huku na huko. Kwa hiyo kuwasaka waambukizwa upande mmoja tu kusingetosha.

Sasa hapa ndipo sisi watu wa programu tunapoguswa. Kusoma kwenyewe kulihitaji dakika 15 hadi 60 tu. Lakini kugeuza mitikisiko kuwa herufi kulifanywa na seva za mbali, na data ilipaswa kupitia mtandao wa simu uliokuwa ukisuasua. Baadaye ndipo zikaja programu za kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta iliyo mezani, bila intaneti.

Kifaa kilitosha mkononi, lakini programu yake ilikuwa bado imefungwa kwenye seva za mbali. Ukiunda chombo cha kutumika vijijini, anza kwa kuuzima mtandao, kisha uone kama bado kinafanya kazi.