Bomba: Safari ya Neno Moja

Jumapili moja huko Houston, mmoja wetu alimwambia shangazi yake aliyetoka Dar es Salaam: "Shangazi, leo u bomba!" Alikusudia kuisifu pilau yake. Watu wazima wakatazamana.

Neno hili ni la zamani. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso na bomba, ambalo kwa Kireno ni pampu. Kwetu likawa bomba la maji, la moshi, la sindano. Silaha ya kulipuka ilipata jina lake, bomu, kutoka Kiingereza.

Kihispania, ndugu wa Kireno, hakikugawa hivyo. Kwa jirani zetu wa Dallas, bomba ni pampu na ni bomu pia. Huko Hispania "noticia bomba" ni habari ya kushtua, na "pasarlo bomba" ni kustarehe sana.

Mitaani, Kiswahili nacho kimeligeuza kuwa sifa isiyochukua kiambishi: gari bomba, viatu bomba. Lakini likitumiwa kwa mwanamke, husifu umbo na sura, si upishi. Ndiyo maana shangazi alicheka, kisha akasahihisha: "Pilau ndiyo bomba, mwanangu. Mimi niambie tu ahsante."

Sisi tuliokulia Texas tumeyapata maneno mengi kwa kuyasikia. Mipaka yake tunaijua tunaposahihishwa.