Kumbukumbu Pepe na Eneo la Kubadilishia Kurasa

Nchelenge iko katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako kuna miji ya Kilwa na Pweto, na Kiswahili cha Katanga huvuka ziwa pamoja na wachuuzi wa samaki. Kwa miaka mingi wilaya hii imekuwa kitovu cha utafiti wa malaria unaofanywa na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola pamoja na washirika wake, kikiwemo Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Utafiti wa aina hiyo huzaa majedwali marefu na ramani nzito za setilaiti. Programu ya R, ambayo watakwimu wengi huitegemea, kwa kawaida hupakia data yote kwenye RAM kabla ya kuanza hesabu. Basi mwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 akifungua data ya GB 6, inakuwaje?

Mara nyingi kazi huanza, na sababu ni kumbukumbu pepe. Mfumo endeshi hauikabidhi programu anwani halisi za RAM. Kila programu hupewa anwani zake yenyewe, kana kwamba mashine yote ni yake. Anwani hizo hukatwa vipande viitwavyo kurasa, kwa kawaida vya baiti 4,096 kila kimoja, na jedwali la kurasa huonyesha kila ukurasa uko wapi: umo kwenye RAM, umepelekwa diskini, au bado haujapewa mahali. Muuza samaki wa soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, hufanya jambo kama hilo. Mezani huweka samaki wanaotakiwa sana, wengine huwaacha stoo, na mteja akiuliza huambiwa wapo. Anayemtaka aliye stoo atasubiri.

Stoo hiyo ndiyo eneo la kubadilishia kurasa, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kupokea kurasa zisizoguswa kwa muda. RAM ikikaribia kujaa, mfumo huchagua kurasa hizo, huziandika diskini, na nafasi yake huzipa kurasa nyingine. Programu ikiuhitaji ukurasa uliohamishwa, husimamishwa hadi ukurasa urudi. Si kila ukurasa hupitia huko. Msimbo wa programu haubadiliki, kwa hiyo hutupwa tu na kusomwa upya kutoka kwenye faili lake.

Istilahi hizi mbili huchanganywa kila siku, na Windows imechangia, maana dirisha lake la mipangilio huweka ukubwa wa faili la pagefile.sys chini ya jina la kumbukumbu pepe. Kompyuta isiyo na eneo la kubadilishia hata la baiti moja bado hutumia kumbukumbu pepe tangu mfumo endeshi unapoanza kazi. Ya kwanza ni utaratibu wa anwani, ya pili ni mahali kwenye diski. Wapo wanaopendelea kusema kumbukumbu dhahania. Mimi naliona neno hilo linapotosha, kwa kuwa data ya mgonjwa iliyomo humo ni halisi kabisa. Pepe limeshazoeleka kupitia barua pepe, nayo barua pepe hufika kweli. Kwa istilahi ya pili nachagua kubadilishia, kwa sababu kiambishi cha kutendea kinataja mahali pa kazi. Kuliita eneo hilo kumbukumbu ya akiba ni kumuahidi mtumiaji RAM ambayo hanayo.

Ahadi hiyo ina gharama. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya sahani huchukua milisekunde kadhaa, yaani polepole zaidi kwa makumi ya maelfu ya mara. Diski za SSD hupunguza pengo bila kulifuta. Kurasa zinazohitajika kwa wakati mmoja zikizidi RAM, mashine hutumia muda wake wote kuzileta na kuzirudisha, hesabu isisogee. Peter Denning aliichambua hali hiyo mwaka 1968, na dawa aliyoonyesha bado ni ileile: kurasa ambazo programu inazitumia kwa sasa lazima zienee kwenye RAM.

Mbinu yenyewe ilizaliwa na uhaba. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1962, ilikuwa na maneno 16,384 tu ya kumbukumbu ya haraka. Tom Kilburn na wenzake waliiunganisha na ngoma ya sumaku ya maneno 98,304 hivi kwamba mwandishi wa programu aliona hazina moja. Mwishoni mwa 1991 Linus Torvalds aliongeza ubadilishaji wa kurasa diskini kwenye mfumo endeshi wake wa Linux kwa ajili ya mtumiaji wa Ujerumani aliyekuwa na RAM ya MB 2.

Kwa Zambia kuna faida nyingine. Ukame wa mwaka 2024 ulipoyashusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, mgao wa umeme ulikuwa wa saa nyingi kwa siku. Kompyuta ya Linux inaweza kulazwa usingizi mzito: yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye eneo la kubadilishia, mashine ikazimika kabisa, na umeme ukirudi kazi ikaendelea ilipoishia. Eneo lenye ukubwa sawa na RAM, au kuzidi kidogo, ndilo salama kwa kazi hiyo.

Lakini kilichoandikwa diskini hubaki diskini. Jina la mgonjwa, majibu ya kipimo, hata nywila, vyaweza kusomwa humo baada ya kompyuta kuzimwa au kuuzwa. Wenye kutunza takwimu za afya, Nchelenge na kwingineko, lisimbeni eneo hilo kabla ya kuingiza rekodi ya kwanza.