Cheche Iliyozimika: Historia Fupi ya Moto wa Trekta Dogo na Fundisho Lake kwa Wakulima wa Bukoba na Muleba



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wengi wataandika habari za kahawa, bei na maghala. Sisi twaomba nafasi tuzungumzie chombo ambacho wengi wetu tumekiona kimelala nyuma ya ghala, kuku wakitagia kitini pake: trekta dogo la zamani. Ukiuliza kisa chake, hujibiwa, “Injini imekufa.” Lakini mara nyingi injini hiyo haikufa. Imekosa cheche tu.

Injini ya petroli yahitaji vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Asili ya cheche hiyo ni ya mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza alipoonyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na nyaya zilizozungushwa huzaa umeme. Mwaka 1887 Robert Bosch wa Ujerumani alitengeneza magneto kwa ajili ya injini, na mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alikamilisha magneto yenye umeme wa nguvu nyingi pamoja na plagi yake. Kwa magneto injini iliweza kuwaka pasipo betri.

Matrekta madogo mengi ya bustani yalifuata njia hiyo. Sumaku imo katika gurudumu zito la injini; ipitapo mbele ya koili, vidomo viwili viitwavyo platini huachana, na cheche huruka kwenye plagi. Mwaka 1982 kampuni ya Briggs & Stratton ya Marekani ilianza kuweka kifaa cha elektroniki badala ya platini. Kwa hiyo injini iliyotengenezwa kabla ya miaka hiyo yafaa ishukiwe platini mapema.

Nchi yetu ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba mashine bila maarifa ni mzigo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga huko Kongwa, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyokwisha kutumika kwingine. Vipuri vilikuwa haba, na waendeshaji hawakufunzwa vya kutosha. Kabla mwaka huo haujaisha, theluthi mbili ya matrekta hayo hayakufaa kazi. Mpango ulikomeshwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Mitambo mikubwa ya Kongwa ilikuwa ya dizeli, isiyotumia plagi, na ukame nao ulikuwa na sehemu yake; lakini fundisho la utunzaji ni lile lile.

Kwetu sisi trekta si la kibanja. Katikati ya migomba na mibuni hakuna pa kugeuzia hata jembe la ng’ombe. Mahali pake ni kwenye rweya, palipo wazi. Kwa hiyo hufanya kazi msimu mmoja, kisha hulala miezi mingi. Na kulala katika nchi yetu si jambo dogo, kwani mjini Bukoba mvua hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu hushika kutu platini, huingia kwenye nyaya, na panya humalizia yaliyobaki.

Basi injini ikikataa kuwaka, mwanachama aanze na lisilogharimu fedha. Kwanza afungue plagi na kuitazama. Ikiwa kavu kabisa, kosa laelekea kuwa la mafuta. Ikiwa imelowa petroli, huenda cheche ndiyo haipo. Pili, aisafishe, airudishe kwenye waya wake, ailaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha mwenzake azungushe injini. Petroli isiwe karibu, wala mtu asishike waya kwa mkono. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema.

Tatu, isipoonekana, katika injini ya magneto auchomoe ule waya mwembamba wa kuzimia. Cheche ikirudi, ubovu umo katika swichi au katika waya huo. Nne, asafishe platini na kupima nafasi yake, ambayo katika injini nyingi ndogo ni karibu nusu milimita. Ya plagi ni kama robo tatu ya milimita. Mwisho kabisa ndipo afikirie kondensa na koili.

Sisi wenyewe tulipata kuliona jambo hili katika Muleba. Kikundi cha wakulima kiliambiwa na fundi kwamba injini haifai tena, na mkutano ukaitishwa ili kila mmoja achangie injini mpya. Wengine walikuwa tayari kuuza kahawa yao kabla ya wakati wake. Mzee mmoja aliomba kwanza autazame waya wa kuzimia. Ulikuwa umesuguliwa chini ya kiti hadi ukagusa chuma. Ukafungwa kwa utepe, na trekta likawaka mbele ya mkutano ule ule. Fedha za watu zilibaki mifukoni mwao.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyama vyetu vyenyewe vimepita humo. Bukoba Native Co-operative Union iliundwa mwaka 1950. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchini kote. Na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kuvunja kulikuwa kazi ya siku moja, kurejesha kukawa kazi ya miaka.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa viongozi na wanachama: kila chama cha msingi chenye mashine kiwe na daftari la matengenezo yake, vijana wawili waliofunzwa kazi hiyo, na plagi na platini za akiba. Tena, mkutano usipitishe fedha za mashine mpya kabla ya kuelezwa ni kitu gani kilichokaguliwa katika ile ya zamani. Shime, ndugu zetu.