Fahamu: Kukompaili programu kwenye Linux kwa anayeanza

Tuseme uko Nansio, Ukerewe, umerekodi mahojiano ya nusu saa na wavuvi na unatakiwa kuyatuma studio Mwanza mjini. Sauti ya WAV yenye ubora wa CD hula megabaiti 10 hivi kwa dakika, kwa hiyo faili lako linazidi megabaiti 300. Ukiligeuza kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, linashuka chini ya megabaiti 30. Kwa mtu anayetumia bando la simu, hapo ndipo kipindi kinafika au hakifiki.

Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa LAME. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwenye Ubuntu au Linux Mint unaipata kwa amri moja:

sudo apt install lame

Ikikubali, ishia hapo. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoanza Linux hudhani mtu hajaijua mpaka akompaili mwenyewe, kisha wanamaliza bando la wiki kwa kitu ambacho kilikuwa tayari.

Kukompaili ni nini basi? Msimbo chanzo ni maandishi ya mtengenezaji wa programu. Kwa LAME, yameandikwa kwa lugha ya C. Kompyuta haiwezi kuyaendesha yalivyo. Kompaila, mara nyingi GCC, huyageuza kuwa lugha ya mashine. Ni sawa na kununua sato mbichi pale Mwaloni, Kirumba, badala ya aliyekwisha kaangwa: utampika utakavyo, ila jiko, mafuta na kikaango ni juu yako.

Kuna wakati inabidi. Huenda toleo lililo kwenye hazina ya Linux yako ni la zamani, au programu haimo kabisa, au unataka kuibadilisha. Ndivyo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, ulivyoweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Msimbo ungekuwa umefungwa, wangebaki kumwomba mwenye kampuni.

Tujaribu na LAME, maana ni ndogo. Kwanza vyombo vya jikoni:

sudo apt install build-essential

Hapa ndipo bando huliwa, si kwenye msimbo. Toleo la 3.100 la LAME, lililotoka mwaka 2017, lina megabaiti 1.5 tu, na linapakuliwa kwenye ukurasa wa mradi huo ulioko SourceForge. Vyombo ni vizito zaidi sana, ila unavipakua mara moja. Mimi nilivirukia mara ya kwanza, nikaambiwa "no acceptable C compiler found in $PATH", nikadhani nimeharibu kompyuta. Kumbe ilikuwa inasema tu kwamba haina kompaila.

Kisha, ndani ya folda ulikopakulia:

tar xzf lame-3.100.tar.gz
cd lame-3.100
./configure
make
sudo make install
sudo ldconfig

Amri ya kwanza inafungua furushi, ya pili inakuingiza ndani yake. Configure inakagua kompyuta yako ina nini, make ndiyo inayokompaili, na install inaipeleka programu chini ya /usr/local. Usiweke sudo kabla ya configure wala make, haihitajiki. Ukiruka ldconfig, unaweza kuambiwa libmp3lame.so.0 haionekani ingawa ipo.

Programu kubwa zaidi mara nyingi hukwama kwenye configure. Usiogope wingi wa maandishi. Soma mistari ya mwisho. Ikisema libsndfile haipo, wakati unajua umeisakinisha, tatizo ni kwamba una maktaba ya kuendeshea, huna ile ya kukompailia. Hiyo huishia na -dev, kwa mfano libsndfile1-dev. Isakinishe kwa apt, rudia configure. Jina kamili hulitafuta kwa apt search.

Umeme ukikatika katikati ya make, ukirudi andika make tena. Itaviacha vilivyokamilika na kuendelea na vilivyobaki. Ikigoma, anza upya kwa make clean, kisha make.

Ikiisha, jaribu:

lame -b 128 mahojiano.wav mahojiano.mp3

Usifute folda ya msimbo. Apt haijui habari za programu uliyoikompaili mwenyewe: haitaisasisha wala kuiondoa. Siku ukitaka kuitoa, utarudi kwenye folda ileile na kuandika sudo make uninstall.